Walilipia Kitanda, Kliniki Wakasahau

Februari 1987, wageni kutoka pembe zote za dunia walishuka Nairobi. Kulikuwa na watu wa Benki ya Dunia, Shirika la Afya Duniani, Umoja wa Mataifa, mawaziri na madaktari. Walikuja kuongea kuhusu jambo ambalo dunia ilikuwa imelinyamazia: kila mwaka karibu wanawake 500,000 walikuwa wanakufa wakiwa wajawazito ama wakijifungua. Mkutano ulipoisha, mpango wa kimataifa wa Uzazi Salama ulikuwa umezaliwa. Ulizaliwa hapa kwetu, mjini.

Desemba 1989, hata miaka mitatu haijaisha, serikali ya Kenya ikaanza kutoza ada kwenye hospitali za umma.

Soma hizo aya mbili tena polepole. Jiji lile lile lililokaribisha dunia ije iongee kuhusu akina mama wanaokufa ndilo lililoweka karani na kitabu cha risiti mlangoni, kati ya mama na wadi. Hii hadithi nimeifuatilia kwa muda, na kila nikiona watu wakibishana kuhusu SHA naona tunabishana kama watu walioingia sinema katikati. Kwa hivyo leo tuanze mwanzo. Ni ndefu kidogo, lakini ukifika mwisho utajua swali la kuuliza wakikuuzia mpango wowote wa afya, wa serikali ama wa kampuni.

Msimamo wangu nausema mapema. Mipango ya afya hufuata pesa. Ukilipia kitanda cha kujifungulia, utapata watu kwenye vitanda. Ukitaka wanawake wapimwe kabla mambo hayajaharibika, lazima ulipie hapo kabla. Kenya imechukua zaidi ya miaka 50 kujifunza nusu ya kwanza. Ile nusu ya pili bado.

Kadi ilikuwa ya nani?

Baada ya uhuru, mambo yalianza vizuri. Mwaka 1965 serikali ilifuta ada za matibabu zilizorithiwa kutoka enzi ya mkoloni. Hospitali ya umma ikawa inalipwa na kodi, unaingia unatibiwa. Mwaka uliofuata, 1966, Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha bima ya kitaifa ya hospitali. Hii ndiyo NHIF ambayo wazazi wetu waliijua maisha yao yote.

Sasa angalia ilivyoundwa. Ilianza kama bima ya lazima kwa walioajiriwa wakilipwa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi. Mwaka 1966, hiyo ilikuwa doo ya maana. Karani wa serikali, mwalimu mkuu, mtu wa reli. Wanawake kwenye hilo kundi walikuwa wachache sana. Mwanamke wengi wetu tunayemwita shosho alikuwa shambani, sokoni ama nyumbani kwa mtu akifua. Akipata bima, aliipata kwa sababu ameolewa na mtu aliyekatwa mshahara. Kadi ilikuwa ya mume. Ndoa ikivunjika, ama mume akifutwa kazi, bima nayo inaenda. Ilipofika 1972 sheria ilifunguliwa ili hata asiyeajiriwa ajiunge kwa hiari, lakini mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hajiungi na kitu cha hiari kabla hajanunua unga.

Halafu kuna jina lenyewe: bima ya *hospitali*. Ililipia kulazwa. Ukilala kitandani, inalipa. Ukienda tu kupimwa na kurudi nyumbani, hiyo ni juu yako. Kwa miongo karibu mitano hivi ndivyo ilivyokuwa, hadi 2015 ndipo wanachama wa kawaida wakaanza kupata huduma ya wagonjwa wa nje. Fikiria maana yake kwa mwanamke. Karibu kila kitu kinachomlinda hufanyika akiwa mzima, akiwa amesimama na miguu yake: kupimwa presha, kupimwa damu, kuchunguzwa mlango wa kizazi, kupata njia ya kupanga uzazi. Bima ikimsubiri alale kitandani, imemsubiri aharibikiwe.

Miaka ya risiti

Kisha ikaja miaka ya themanini. Uchumi ulikuwa umebanwa, wakopeshaji wa nje walitaka serikali ipunguze matumizi, na jibu likaitwa uchangiaji wa gharama. Jina tamu. Maana yake ni kwamba mgonjwa alipe. Ada ya Desemba 1989 iliyumba mapema, ikasimamishwa kwa sehemu mwaka 1990, kisha ikarudi kwa awamu miaka ya mwanzo ya tisini. Kwenye karatasi kulikuwa na watu na huduma zilizosamehewa. Mlangoni, msamaha ulitegemea umemkuta nani.

Kuna watafiti waliokuwa wakifuatilia kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa hapa Nairobi wakati huo huo. Ada ilipoingia, idadi ya wanawake waliokuja ilishuka hadi karibu 65 kwa kila 100 waliokuwa wakija awali. Wanaume walishuka zaidi, hadi karibu 40. Ada ilipoondolewa, wanawake walirudi. Hiyo ilikuwa ni miaka ambayo ukimwi ulikuwa unaanza kutumaliza. Ada ndogo, kliniki tupu, na ugonjwa hausubiri ukusanye pesa.

Uzazi nao? Takwimu za taifa za afya ya familia, ule utafiti mkubwa unaofanywa nyumba kwa nyumba kila baada ya miaka kadhaa, zinaonyesha kwamba mwaka 1993 watoto 44 kati ya 100 walizaliwa kwenye kituo cha afya. Mwaka 1998 walikuwa 42. Mwaka 2003 wakawa 40. Yaani kwa muongo mzima, katika nchi yenye barabara zaidi, shule zaidi na madaktari zaidi kuliko awali, tulikuwa tunarudi nyuma. Siwezi kusema ada peke yake ndiyo ilifanya hivyo, maana umaskini ulikuwa umepanda na ukimwi ulikuwa umevuruga kila kitu. Lakini mama akijua kwamba akifika hospitalini ataulizwa pesa, na mkunga wa mtaani anaweza kulipwa kuku ama alipwe baadaye, hesabu yake haihitaji digrii.

Na kulikuwa na kitu kibaya kuliko kuulizwa pesa mlangoni. Watu wa Eastlands mnaijua Pumwani. Ilianza mwaka 1926 ikiitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo, na leo ndiyo hospitali ya uzazi inayojulikana kuliko zote nchini. Nusu ya watu niliosoma nao walizaliwa pale. Wanawake wawili walienda mahakamani wakisema walizuiliwa pale baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na pesa za bili. Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao za kikatiba. Mama amezaa, ana mtoto mkononi, na hawezi kutoka getini. Manze, hiyo si zama za mawe. Waliozuiliwa walikuwa pale mwaka 2010, mwaka ule ule tulioshangilia Katiba mpya yenye Kifungu cha 43 kinachompa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, na kinataja afya ya uzazi waziwazi.

Vocha ya shilingi 200

Kuna majaribio mawili ya katikati ambayo watu wengi wa rika letu hawajayasikia, na mimi nadhani ndiyo yenye somo kubwa.

La kwanza ni sera ya kumi-ishirini ya mwaka 2004. Zahanati ikawa inatoza shilingi 10 tu, kituo cha afya shilingi 20. Mwaka 2007 ada ya kujifungua kwenye hivyo vituo vidogo ikafutwa. Hospitali kubwa ziliendelea kutoza kama kawaida, kwa hivyo mama aliyepata shida akahitaji upasuaji alirudi pale pale pa kuuza mbuzi.

La pili lilianza 2006, likifadhiliwa na serikali pamoja na Ujerumani. Lilifanyika Kisumu, Kitui, Kiambu na mitaa miwili ya Nairobi, Korogocho na Viwandani. Mama maskini alinunua vocha ya uzazi salama kwa shilingi 200. Hiyo karatasi moja ilimpa kliniki nne za ujauzito, kujifungua hata kama ni kwa upasuaji, na kuangaliwa baada ya kujifungua. Kulikuwa pia na vocha ya kupanga uzazi ya shilingi 100. Alichagua kituo mwenyewe kati ya vilivyosajiliwa, cha umma, cha kanisa ama cha kibinafsi, na kituo kilidai malipo baada ya kutoa huduma.

Angalia ujanja uliokuwa ndani ya hiyo karatasi. Bei ililingana na maisha ya kadogo, yale ya kununua mafuta ya kupima na unga wa kupima. Ilikuwa ya mwanamke mwenyewe, haikuuliza mume anafanya kazi wapi. Ililipia safari nzima, kuanzia tumbo likiwa dogo. Na kituo kilikuwa na sababu ya kumtaka aje. Utafiti uliofanywa Korogocho na Viwandani uliona wanawake wakijifungulia vituoni zaidi baada ya vocha kuja. Lakini ulikuwa mradi wa maeneo machache, na mradi ukiisha unabaki kwenye ripoti.

Madaraka ya 2013

Tarehe 1 Juni 2013, sikukuu ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika vituo vyote vya umma ni bure. Kuanzia siku hiyo. Nasema hivi kwa sababu kama ungekuwa muuguzi wa zamu ungesikia habari pamoja na wagonjwa.

Akina mama walikuja. Utafiti wa 2008 na 2009 ulikuwa umepata watoto 43 kati ya 100 wakizaliwa vituoni. Ule wa 2014 ukapata 61. Ule wa 2022 ukapata 82. Katika maisha yako na yangu, kujifungulia nyumbani kumetoka kuwa jambo la wengi hadi kuwa jambo la wachache. Mtu akikwambia mpango wa serikali hauwezi kubadilisha kitu, mwonyeshe hizo namba tatu. Ukitoa bei mlangoni, wanawake hupita mlangoni. Hawakuwa wajinga, hawakuwa wameshikilia mila. Hawakuwa na pesa.

Lakini serikali ilitangaza bure bila kuongeza vitanda wala wauguzi kwa kasi ya watu waliokuwa wanakuja. Ililipa kituo kwa kila mtoto aliyezaliwa, shilingi 2,500 kwa zahanati na kituo cha afya, 5,000 kwa hospitali ya wilaya, na hata hizo mara nyingi zilichelewa. Agosti 2013, miezi miwili tu baadaye, mwanamke mmoja alijifungua sakafuni kwenye korido ya hospitali ya Bungoma. Video ikasambaa. Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilivunjwa na akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Bure ilikuwepo. Kitanda hakikuwepo.

Mpango ulirekebishwa. Kuanzia 2016 na 2017 ulihamishiwa NHIF ukaitwa Linda Mama. Sasa ulijumuisha kliniki za kabla na za baada ya kujifungua, na uliruhusu mama aende hospitali za kanisa na za kibinafsi zilizojiunga. Hiyo ilikuja kwa wakati wake, maana 2017 madaktari walikuwa kwenye mgomo uliodumu siku 100, na wauguzi wakafuata na wao wakagoma kwa karibu miezi mitano. Na kilichonifurahisha zaidi: Linda Mama haikudai mchango. Ulijiandikisha, basi. Kadi hatimaye ilikuwa ya mwanamke.

Namba zinazonisumbua

Sasa njoo kwenye zile ambazo hazitajwi kwenye hotuba.

Watoto wanaozaliwa vituoni walipanda kutoka 43 hadi 82 kati ya 100. Karibu mara mbili. Wanawake waliohudhuria kliniki ya ujauzito angalau mara nne walipanda kutoka 47 hadi 66 katika muda huo huo. Yaani kuna akina mama wengi tu wanaojifungulia hospitalini ambao hospitali hiyo iliwaona mara mbili au tatu kwa miezi tisa yote. Na mara nne ndiyo kipimo cha zamani. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka angalau mara nane, ya kwanza ikiwa kabla ya wiki 12.

Vifo je? Utafiti wa 2014 ulikadiria vifo 362 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sensa ya 2019 ikaja na 355. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, havilinganishwi moja kwa moja kama bei ya nyanya jana na leo. Ila hata ukiviangalia kwa mbali, huoni nchi iliyoteremka mlima. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilitoa ripoti ya uchunguzi wa siri wa vifo vya uzazi. Ilipitia faili za wanawake 484 waliofariki hospitalini mwaka 2014. Kwa zaidi ya 9 kati ya 10, huduma waliyopewa haikufikia kiwango kinachotakiwa. Kutokwa na damu kulikuwa sababu kubwa kuliko zote.

Hapa ndipo kliniki inaingia, na hapa ndipo vijana wengi hudhani ni kupanga foleni ya bure. Hebu niambie kinachofanyika pale. Wanakufunga ule mkanda wa presha mkononi, na wanapima mkojo. Ndivyo wanavyogundua mapema kifafa cha mimba, ambacho huanza kimyakimya kabla hakijakuangusha. Wanatoa damu kidogo waone kama una upungufu wa damu, kwa sababu mwanamke mwenye damu kidogo akitokwa na damu wakati wa kujifungua hana akiba. Wanapima HIV na kaswende ili mtoto asiambukizwe. Wanakupa vidonge vya kuongeza damu na sindano ya pepopunda. Wanashika tumbo wajue mtoto amelalaje, ili kama utahitaji upasuaji ujue wiki kadhaa mapema, usigundue saa nane usiku ukiwa kwenye bodaboda. Vifaa vyote vya hiyo shughuli vinaenea juu ya meza moja. Hiyo meza ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote katika safari nzima, na ndiyo mipango yetu imekuwa ikiilipia mwisho.

Si ujauzito peke yake. Saratani ya mlango wa kizazi huua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka Kenya, na hakuna saratani inayoua wanawake wengi zaidi hapa kwetu. Ni ugonjwa unaosababishwa na virusi vya HPV, una chanjo, na unachukua miaka kukua, kwa hivyo ukichunguzwa unapatikana ukiwa bado unatibika. Rwanda ilianza kuchanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, ikitumia shule, na ikawafikia zaidi ya 9 kati ya 10. Sisi tulifanya majaribio Kitui mwaka 2013, kisha tukaanza nchi nzima Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Miaka minane nyuma ya jirani. Wasichana wa Rwanda waliochanjwa mwanzoni sai ni wanawake wazima. Wa rika lao huku kwetu walikosa, na kinga iliyobaki kwao ni kwenda kuchunguzwa. Swali ni kama mpango wao wa afya unawalipia huo uchunguzi wakiwa wazima, ama unasubiri kulipia tibakemikali.

Na SHA je?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF haipo. Sheria ya 2023 ilileta SHA na mifuko mitatu: wa huduma za msingi, wa bima ya kijamii, na wa dharura na magonjwa sugu. Mtu wangu, najua ukisikia SHA unataka kurusha simu. Lakini tuwe waadilifu na historia.

Kwa upande wa muundo, kuna kitu ambacho NHIF ya 1966 haikuwahi kuwa nacho. Mfuko wa huduma za msingi umekusudiwa kulipia zahanati na vituo vya afya kwa kodi, ili aliyejisajili apate huduma za pale bila kutoa pesa. Hiyo ni ile meza niliyoisema. Kwa mara ya kwanza sheria inatenga pesa za kukuangalia ukiwa umesimama. Viwango vya kujifungua navyo vimepanda, shilingi 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kituo kinachopata 10,000 kina nafasi nzuri ya kununua glavu kuliko kilichopewa 2,500 iliyochelewa.

Upande wa pili ndio unaonikosesha usingizi. Kujifungua sasa kuko chini ya ule mfuko wa bima ya kijamii, ule unaotaka uwe umelipa mchango. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa anakadiriwa, angalau shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima. Hiyo si chini ya 3,600 kwa mpigo. Najua kuna atakayesema 300 ni chapo madondo za siku mbili tatu. Sawa. Sasa mwambie mama anayefua nguo Mathare akilipwa kwa siku aziweke zote kumi na mbili pamoja. Mtu huyo huyo ambaye Linda Mama ilimpokea bila kumwuliza kitu. Mtu huyo huyo ambaye vocha ya 2006 ilimwuliza 200 tu. Wameleta njia ya kukopeshwa ili ulipe polepole, lakini mkopo ni deni, na mwenye mimba ya miezi saba ana madeni mengine.

Na pesa bado zinachelewa kufika. Hospitali za kibinafsi zimelalamika hadharani kuhusu malimbikizo. Hadithi ya 2013 inajirudia: tangazo linafika kituoni mapema kuliko pesa.

Maswali matatu

Nimesoma hii historia ya miaka 60 nikitafuta mtindo, na naona maswali matatu tu. Uliza haya kwa SHA, kwa bima ya kazini kwako, kwa kampuni inayokupigia simu kila Jumatatu.

Kwanza, kadi ni ya nani? Kama bima yako inategemea mume, mzazi ama mwajiri, siku uhusiano huo utakapokatika ndiyo siku utakayoihitaji zaidi. Mwanamke asajiliwe kwa jina lake, awe ameolewa ama hajaolewa, awe na miaka 19 ama 40.

Pili, inaanza kulipa lini? Soma karatasi. Kama ukurasa wa kujifungua una mistari kumi na ukurasa wa kliniki, uchunguzi wa saratani na kupanga uzazi una mstari mmoja, umeshajua wanachothamini. Bima nyingi za kibinafsi huweka pia miezi ya kusubiri kabla uzazi haujalipiwa, kwa hivyo ukijisajili tumbo likiwa limeonekana umechelewa. Jisajili ukiwa huna haja nayo.

Tatu, pesa inafika kwenye ile meza? Hili si swali la mtu mmoja. Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo mwulize mwakilishi wa wadi yako zahanati ya mtaa wenu ilipokea pesa mara ya mwisho lini, na kama ule mkanda wa presha unafanya kazi. Tunajua kupiga kelele kuhusu bei ya mafuta. Tunaweza kupiga kelele kuhusu mkanda wa presha.

Kama una dada mdogo anayefikisha miaka 10, uliza shuleni kwao ama kwenye zahanati kuhusu chanjo ya HPV. Kama una miaka 25 kwenda juu na hujawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi, nenda, hata kama unajisikia fiti. Hasa kama unajisikia fiti. Na wanaume msipite hapa mkidhani ni stori za mamanzi: mwenye bima kazini ni wewe mara nyingi, na hujawahi kufungua huo ukurasa uone mkeo amewekewa nini.

Wale wageni wa 1987 walirudi makwao wakiwa na maazimio mazuri. Msichana aliyezaliwa Nairobi wiki ile leo anakaribia miaka 40. Kama ana watoto, huenda mmoja alizaliwa enzi ya risiti, mwingine enzi ya bure, mwingine akiwa na kadi ya Linda Mama, na binti yake atajifungua chini ya SHA ama chochote kitakachokuja baada yake. Huyo binti ni rika letu. Sheria ikitaka kubadilishwa ili kujifungua na kliniki zote zirudi kwenye mfuko wa kodi, bila mchango, sisi ndio tutakaoenda kwenye kikao cha maoni ya umma ama tutakaobaki nyumbani. Vikao hivyo hutangazwa magazetini na hufanyika kwa kumbi ambazo mara nyingi ziko nusu tupu. Mimi ya kwetu nikiiona nitawaambia. Mkiiona yenu, nendeni.